Monitrice wa Meno

Kabla hajakujibu salamu, Monitrice alikuwa amekwisha kukutazama meno. Ulisema "Jambo, mama," na macho yake, badala ya kubaki kwenye macho yako kama ya watu wengine, yalishuka kidogo yakatua mdomoni. Hayakukaa hapo muda mrefu. Lakini kila mtu wa mtaa wetu wa Kakombe aliyajua, na kila mtu alifunga mdomo mapema kuliko alivyokusudia. Nimewahi kumwona mchungaji wetu, mtu aliyehubiri bila kuwaogopa Wabelgiji, akimsalimia kwa kuinamisha kichwa tu, midomo ameibana.

Monitrice ndivyo tulivyowaita akina mama waliofundisha kwenye foyer, ile nyumba ya matofali ambako wake za makarani na wafanyakazi walikwenda mchana kujifunza kushona, kupiga pasi, kuogesha watoto na kuwapikia wagonjwa. Walikuwepo wengine, lakini ukisema Monitrice bila kuongeza neno, mji wetu wote wa Uvira ulijua unamsema yeye. Jina lake la ubatizo nalijua. Sikulitumia hata siku moja, na leo pia sitalitumia.

Mimi nilikuwa jirani yake kabla ya kuwa mwanafunzi wake. Niliolewa nikaletwa kwenye nyumba iliyotengwa na yake kwa ua wa matete tu. Asubuhi yangu ya kwanza pale nilisimama nje na mswaki, nikisugua kwa nguvu ili wakwe waone nimelelewa vizuri. Nikasikia sauti ng'ambo ya ua.

"Weye bibi-arusi. Hiyo si sufuria. Polepole."

Nilitema povu nikaona haya mpaka jioni. Baadaye nilizoea. Alikuwa mrefu, mkavu, kitenge chake kimenyooshwa kama karatasi, na alitembea akiwa amefumba mikono nyuma kama msimamizi wa kazi. Alifundisha mambo mengi pale foyer, lakini moyo wake ulikuwa kwenye vinywa. Nguo mbaya alikusamehe. Chungu kilichoungua alikusamehe. Ufizi uliovimba hakusamehe, hata kama ni wa mgeni aliyekuja kumletea habari ya msiba.

Hakuwa na kasumba ya kudharau vitu vya nyumbani. Waliokuwa na mswaki wa dukani watumie mswaki, na wasiokuwa nao aliwakatia kijiti cha mpera. Alikitaka kibichi, unene wa kidole kidogo, akakitafuna ncha mwenyewe mbele yako mpaka nyuzi zikatawanyika na kuwa laini. Kisha alionyesha: kwa meno ya juu unashuka kutoka kwenye ufizi, kwa ya chini unapanda, nje na ndani, pole, na mwisho unapitisha ulimini. Kijiti cha jana alikitupa. Mkaa aliukubali ukiwa umetwangwa ukawa unga mwororo, wala si kila siku. Uliosagwa vibaya aliuita msasa wa seremala.

Mchanga ndio uliomtoa akili. Wavuvi wa Kalundu walikuwa na desturi ya kuinama majini asubuhi, kuchota mchanga wa ziwa na kujisugua meno nao. Siku moja tulipita pale kununua ndagala, dagaa wa ziwani. Monitrice akamwona mzee mmoja akifanya hivyo, na kabla sijamshika mkono alikuwa amekwisha kuingia ziwani na kitenge chake kilichonyooshwa, maji yakifika magotini, akamkamata yule mzee kiwiko.

"Baba, unakula meno yako mwenyewe."

"Ni meno yangu minye," mzee alijibu. "Weye iko unalia nini?"

"Nalia sababu kesho utakuja kwangu kusema ugali iko inakuuma."

Mzee alimwaga mchanga. Sijui kama kesho yake hakuuchota tena, ila tangu siku ile wavuvi wakimwona anakuja waliinua mikono mitupu hewani, wakicheka.

Alikuwa na maneno yake machache ambayo aliyarudia mpaka watoto wa mtaa wakayageuza mchezo. "Asubuhi unasugua sababu ya bantu wakuone," alisema, "magaribi unasugua sababu yako mwenyewe." Maana wengi wetu tuliosha kinywa kulipokucha, tukaenda zetu sokoni tunang'aa, na magaribi tukalala na mabaki ya chakula. Kwake hiyo ilikuwa kazi bure. Ugonjwa wa jino, alisema, unafanya kazi umelala.

Neno lingine lilihusu damu. Sisi sote tuliamini ufizi ukitoka damu unauacha upumzike. Mama mkwe wangu aliuacha wake kwa miezi, na kinywa chake kilianza kunuka hata wajukuu wakamkwepa. Monitrice alimkalisha kwenye kigoda, akamsukutuisha maji ya uvuguvugu yenye chumvi, akampitishia kijiti laini palepale panapotoka damu. Mama mkwe akapiga kelele kwamba anauawa.

"Damu iko inakuita, mama," alimwambia. "Unaikimbilia wapi?"

Damu ilipungua siku baada ya siku, kisha ikakoma. Mama mkwe hakumshukuru, lakini aliacha kumwita mwanamke mwenye kiburi.

Kiburi alikuwa nacho, tusimwoshe kupita kiasi. Aliwagombeza watu wazima mbele ya watoto wao. Aliwahi kumrudisha bibi harusi ndani, wapiga ngoma wamesimama wanangoja, akasukutue. Na yeye huyohuyo, aliyewanyang'anya watoto miwa ya Bwegera mikononi, alikunywa chai yenye sukari mpaka kijiko kilisimama. Nilimkuta mara moja amejificha nyuma ya jiko na kikombe chake. Hakushtuka. Alimaliza, akasukutua kwa maji, akaniambia sukari haina kosa, kosa ni kukaa nayo mdomoni kama mgeni asiyeaga. Lakini nyumbani kwake alikunywa ameficha kikombe, na mimi nilitakiwa kunyamaza.

Jambo ambalo sikulielewa kwa miaka ni koleo. Kabla ya foyer alikuwa amefanya kazi dispensari, akimshikia mwuguzi taa na bakuli wakati wa kung'oa meno, na baadaye aling'oa mwenyewe. Koleo yake ilikuwa ndani ya bati la biskuti, imefungwa kwa kitambaa chenye mafuta. Watu walikuja wameshika mashavu wakimwomba, naye aliwafukuza waende dispensari. Wengine aliwaambia hawana jino bovu, wana uvivu. Nilimwuliza kwa nini, ikiwa anajua kazi.

"Sababu najua," alijibu. "Ukilitoa, hakuna mahali pa kulirudisha."

Kulikuwa na mwanamke tajiri wa Mulongwe aliyetaka ang'olewe jino zima la mbele ili akatiwe la dhahabu ng'ambo. Alikuja na kitenge kipya cha zawadi. Monitrice alikirudisha kitenge juu ya ua, akimwambia kwa sauti ambayo nyumba zote zilisikia kwamba mkono wake hautatoa jino zima mpaka anaingia kaburini.

Uhuru ulipokuja, mkurugenzi mzungu wa foyer alifunga mlango, akamwachia ufunguo, akapanda gari kwenda Usumbura, ng'ambo ya mpaka. Baada ya wiki chache ufunguo ulikuwa haufungui kitu, kwa kuwa wanajeshi walikuwa wameuvunja mlango na kubeba cherehani. Monitrice aliwahamishia wanawake uani kwake. Tulikaa juu ya mikeka, tukajifunza kama kawaida, ingawa masikio yetu yalikuwa barabarani. Siku zile ukisikia lori unanyamaza kwanza, ujue linapunguza mwendo au linapita.

Mume wangu, Baba Furaha, alikuwa karani kwenye buro ya serikali. Wabelgiji walipoondoka alipewa kiti cha mmoja wao, na kwa furaha ya kile kiti alivuka mpaka wa nchi akaenda kuvisha dhahabu chonge lake la juu. Jino lenyewe lilikuwa zima kabisa. Alirudi akitabasamu kwa kila mtu, hata kwa mbuzi. Monitrice alimtazama juu ya ua.

"Zahabu juu ya jino muzima," alisema. "Baba Furaha, unamuonyesha nani?"

"Nchi ni yetu sasa, Monitrice."

"Hiyo najua. Nauliza unamuonyesha nani."

Mume wangu alicheka. Na kweli kwa muda ilikuwa jambo la kucheka. Dhahabu ile iling'aa buroni, kanisani na kwenye picha, na mimi, kwa nini niseme uongo, nilijivunia.

Kisha, uhuru ukiwa na miaka michache tu, waasi waliopigana na serikali walishuka. Mji ulianguka kwa mchana mmoja. Asubuhi wanajeshi walikuwa wanapanga bunduki zao barabarani, na jua lilipokuwa kichwani walikuwa wamekwisha kukimbia, na vijana wenye majani vichwani na ngozi za wanyama usoni walikuwa wanashuka kutoka milimani wakiita "Mayi! Mayi!", maana walichanjwa dawa na kunyunyiziwa maji yaliyogeuza risasi kuwa maji. Mwanzoni wengi walishangilia. Walisema mambo ambayo sote tuliyajua, kwamba uhuru umeliwa na watu wachache wenye viti. Baadaye wakaanza kuwatafuta wenye viti.

Hawakuwa na haja ya kuuliza jina. Walitazama vidole kama vina alama ya kalamu. Walitazama kifundo cha mkono kama kina weupe wa saa, na miguu kama imelainishwa na viatu. Mwalimu mmoja wa mtaa wa jirani alitolewa ndani kwa sababu ya miswaki ya watoto wake iliyokuwa imepangwa kwenye bilauri dirishani. "Nyumba ya wazungu weusi," walisema, wakaondoka naye kuelekea mtoni. Hakurudi.

Siku ileile Monitrice alipita nyumba kwa nyumba na kikapu cha sombe, yale majani ya muhogo. Chini ya majani aliikusanya miswaki yetu yote, akaenda kuifukia. Kila nyumba aliacha vijiti vya mpera.

"Meno haijui tofauti," alituambia. "Lakini hapana kuacha. Mukiacha, wamewafunga na kinywa."

Baba Furaha alikuwa amejificha kwenye dari ya mama mkwe. Alishinda amelala juu ya mianzi, na sisi chini tukipika na kuzungumza na wapita njia. Ilipatikana njia. Mvuvi mmoja wa Kavimvira alikuwa tayari kumvusha ng'ambo kwa mtumbwi, lakini mtumbwi wenyewe ulikuwa upande wa pili wa kizuizi cha waasi, na kizuizini walimtazama kila mwanamume. Tulimfanya mume wangu mvuvi. Alipondaponda mikono kwa kamba na mawe mpaka ikatoka malengelenge. Usiku alishuka akatembea juu ya changarawe tuliyomwaga sakafuni, peku, wiki nzima. Tulimvalisha kaptula iliyonuka samaki. Nilimtazama nikaona mvuvi. Monitrice alimtazama akasema:

"Cheka."

Baba Furaha alifungua midomo, na pale gizani chini ya dari chonge lake likawaka.

Alikuwa pia na meno meupe mno kwa mtu wa ziwani. Hilo Monitrice alilishughulikia kwa namna ambayo mpaka leo naiona ngumu kuitazama. Alimtafunisha tumbaku na maganda ya mti yanayoacha wekundu. Alimkataza kusukutua. Kila siku alikuja kumkagua, akamfungua midomo kwa kidole, na kila siku uso wake ulizidi kukunjamana kadiri kinywa kilivyozidi kuwa kichafu, mpaka siku moja alisema "Sasa iko mubaya ya kutosha," kisha akatoka nje, akakaa juu ya jiwe akiwa ametupa mgongo.

Dhahabu haikukubali. Tulijaribu masizi na mawese. Tulijaribu nta. Mate yaliosha kila kitu, na akizungumza kidogo tu ilichungulia. Monitrice alijaribu kuivua ile kofia ya dhahabu kwa uzi, kisha kwa ncha ya kisu, mume wangu akishika nguzo. Fundi wa ng'ambo alikuwa ameibandika ishike milele.

Mvuvi alituma habari: aje kesho, au asije kabisa.

Mchana ule Monitrice alikuja na bati la biskuti. Aliliweka mezani bila kulifungua. Aliosha mikono, akaikausha, akaiosha tena.

"Chonge iko na muzizi murefu," alimwambia mume wangu. "Kuliko yote. Na hii ni muzima, haitatoka kwa upole. Hauwezi kulia. Kama unalia, wanasikia."

"Sitalia."

"Kila muntu anasema vile."

Alinituma nje nikawaite wanawake walete sombe. Tulikuja na vinu vitatu, tukavipanga mbele ya mlango, tukaanza kutwanga. Hakuna sauti inayozoeleka Uvira kama ya sombe kwenye kinu. Mlinzi wa waasi alikuwa amesimama pembeni mwa barabara, anatafuna muhogo mbichi, anatutazama bila kutuona. Nilitwanga. Mama mkwe alianzisha wimbo wa kanisa, na sisi tukauitikia kwa nguvu kuliko kawaida. Kutoka ndani nilisikia kiti kikigonga ukuta. Kikagonga tena. Kisha kitu kama ng'ombe anayekoroma, na mama mkwe akapandisha sauti, machozi yakishuka mashavuni, mdomo wake ukiimba habari za furaha.

Yule mlinzi aligeuza kichwa. Akaanza kuja.

"Munapika nyingi sana," alisema. "Iko sikukuu gani?"

"Ni ya ninyi wapiganaji," mama mkwe alimjibu, bila kuacha kutwanga. "Wanatuambia tulete magaribi."

Alisimama pale, karibu kabisa na mlango. Nilihesabu mapigo ya mchi ili nisitazame nyuma, nikapotea, nikaanza upya. Ndani kulikuwa kimya. Mlinzi alichovya kidole kwenye kinu, akaonja sombe mbichi, akakunja uso.

"Haina chumvi."

"Hakuna chumvi muji mzima, mwanangu," mama mkwe alisema.

Akacheka, akarudi barabarani. Nilipoingia ndani, Monitrice alikuwa amekaa sakafuni, koleo mapajani. Mume wangu alikuwa ameuma kitambaa, macho amefumba, yu hai. Jino lilikuwa kwenye bakuli, refu, limekamilika, na kofia yake ya dhahabu bado inang'aa. Monitrice hakulitazama. Alimpa maagizo kwa sauti ya darasani: aume kitambaa, asiteme, asiguse shimo kwa ulimi, asinywe moto, na kesho asukutue pole kwa maji ya chumvi. Kisha alifungua pindo la kitenge chake, akatoa fundo la chumvi, chumvi ambayo sisi tuliokula sombe chapwa pamoja naye kwa wiki nyingi hatukujua anayo, akanikabidhi.

Tulimwomba aende nasi. Alituuliza nani atabaki na hawa, akionyesha kwa kidevu wanawake wenye vinu.

Kesho yake asubuhi nilitembea nyuma ya mume wangu kuelekea Kavimvira, mwanangu Furaha mgongoni, kikapu cha ndagala kichwani. Kizuizi kilikuwa gogo juu ya mapipa. Kijana mwenye majani kichwani alitazama vidole vya mume wangu, akatazama miguu.

"Weye iko unafanya kazi gani?"

"Ya ziwa."

"Fungua kinywa."

Alifungua. Kijana aliona damu, akaruka nyuma kama aliyekanyaga nyoka, kwa kuwa dawa yao iliwakataza kuguswa na damu ya mtu. Nilidhani tumepita. Lakini juu ya pipa alikuwa amekaa mwingine, mkubwa wao, ngozi ya mnyama imefungwa kuzunguka paji la uso.

"Ile pengo iko mupya," alisema taratibu. "Nani alikutoa?"

"Kasia ilinipiga," mume wangu alijibu, kama tulivyokubaliana.

"Kasia." Yule mkubwa alishuka kwenye pipa. "Na mudomo haikupasuka?"

Ziwa lilikuwa palepale kulia kwetu, na mtumbwi niliuona, na mvuvi akijifanya anashona wavu. Mume wangu alifungua mdomo kusema neno, na nilijua neno lolote atakalosema litakuwa la karani.

"Anasikia haya, komanda," nilisema mimi. "Haikuwa kasia. Jino lilimuuma, alilia kama mutoto, akawa hatuachi tulale. Nilimwambia likitolewa atanyamaza. Sasa hataki bantu wajue alilia."

Vijana wakacheka. Yule mkubwa hakucheka. Alinikaribia, na hapo ndipo nikaona shavu lake, lililojaa upande mmoja, ngozi imevutika inang'aa.

"Na iliacha kuuma?" aliniuliza, kwa sauti ya chini.

"Iliacha."

"Nani alilitoa?"

"Mama yangu."

"Iko wapi?"

"Alivuka mto jana."

Alinitazama. Mimi nilitazama shavu lake, na maneno yakanitoka ambayo hayakuwa yangu. Nilimwambia asilipige kwa jiwe wala asilichome kwa msumari wa moto kama watu wafanyavyo. Asukutue maji ya uvuguvugu yenye chumvi, asubuhi na baada ya kula, apitishe kijiti laini hata kama panatoka damu, na akiona uvimbe unashuka shingoni amtafute mganga wa dispensari upesi, kwa sababu uvimbe ule unaua.

"Chumvi," alisema, na sasa alicheka, kwa uchungu. "Unaona chumvi hapa?"

Nilifungua pindo la kitenge. Nilimpa fundo lote. Alilifungua, akalamba ncha ya kidole ili ahakikishe, akalifunga tena kwa uangalifu mkubwa, kama mtu aliyebeba yai. Kisha akaelekeza kichwa upande wa ziwa, nasi tukapita chini ya gogo.

Tulikaa ng'ambo miaka mingi. Kidonda cha mume wangu kilipona kwa maji matupu na bahati. Habari za Monitrice zilitufikia zikiwa vipandevipande: yuko hai, amekamatwa, amehama, amekufa. Tuliporudi Uvira nyumba yake ilikuwa na watu wengine, na ua wa matete haukuwepo.

Nilimkuta bila kumtafuta. Nilikwenda Bwegera kununua mpunga, na mwanamke aliyekuwa anapepeta kwenye uwanja alisimama akafumba mikono nyuma. Nilimkimbilia. Tulishikana muda mrefu, na alipojitenga kusema nilimwona kinywa. Meno ya mbele, ya juu na ya chini, hayakuwepo.

Hakuningoja niulize. Alinikalisha kivulini mwa ghala, akaniambia kwa maneno machache. Baada ya sisi kuondoka waasi walimgundua, kwa kuwa mji mzima ulimjua. Walikuja na mashavu yao yaliyovimba, akawaosha vinywa kama alivyowaosha wote. Kisha mji ukageuka tena mikononi mwa watu wengine wenye bunduki, nao walimwuliza alikuwa anaosha vinywa vya nani.

"Niliwaambia, ya kila muntu aliyefungua."

"Walikuwa wa upande gani, Monitrice?"

"Minye niliona kitako ya bunduki. Sikuona kofia."

Yeye ndiye aliyeuliza habari za mume wangu, na nilipomwambia yuko mzima, ananenepa, aliitikia kwa kichwa. Nilijaribu kumshukuru. Alikatiza.

"Ile nilifanya, nilifanya. Hapana kunipongeza. Jino lile nililisikia mukononi miaka yote."

Lori la wanajeshi lilikuja kutoka upande wa Uvira. Tulinyamaza sote, yeye, mimi na wanawake wenye nyungo, mpaka likapita na vumbi likatua. Ndipo mtoto akaanza kulia ndani ya nyumba. Monitrice aliingia akatoka na mjukuu wake, mnene, mate yanamchuruzika mpaka kifuani, amekasirika na dunia yote.

"Nawa mikono," aliniambia.

Nilinawa kwa maji ya mtungi, na yeye alisimama akitazama mpaka akaridhika. Alikaa, akampakata mtoto, akashusha mdomo wake wa chini kwa kidole gumba, akanionyesha nipitishe kidole juu ya ufizi. Ufizi ulikuwa laini na wa moto. Nilipitisha tena, pole, na katikati kabisa nikagusa kitu kikali, kidogo kama punje ya mchele iliyovunjika.

"Liko?"

"Liko."

"La kwanza," alisema. "Jana halikuwepo."

Mtoto aliacha kulia. Alinitazama, akafikiri, akakaza taya. Uchungu ulinishtua, nikataka kutoa kidole.

"Hapana kutoa," Monitrice alisema, ameinama juu yake, mkono wake ukizuia mkono wangu. "Muache aume."